Jeshi la Anga: Kuamua Kujiunga na Kuchagua Fani

(Matini ya mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Madale, Kata ya Wazo, Wilaya ya Kinondoni. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba, maadam ulinzi ni miongoni mwa mambo ya Muungano na tangazo la nafasi za jeshi huwahusu vijana wa pande zote mbili.)



Aendaye mjini kutoka Madale kwa njia ya Tegeta hupita ubavuni mwa kambi ya Lugalo. Kijana aliyekaa dirishani mwa daladala huliona lango, humwona askari aliyesimama wima, huiona sare iliyopigwa pasi ikakaa. Jioni hurudi nyumbani akasema anataka jeshi. Akiulizwa jeshi gani, hujibu la anga, kwa kuwa ndiko ziliko ndege. Akiulizwa atafanya kazi gani huko, hujibu urubani. Na mzee wake akimuuliza, je, urubani usipopatikana? hapo hunyamaza. Mazungumzo haya yanahusu kimya hicho, kwani walio wengi katika Jeshi la Anga hawarushi ndege, na kijana aliyeingia bila ya kulifikiria jambo hilo huenda akaishi miaka mingi katika kazi ambayo hakuwahi kuiuliza jina.

Inafaa kwanza kujua jeshi lenyewe limetoka wapi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule yaliyoanzia katika kambi ya Colito, ambayo ndiyo Lugalo ya leo, na baada ya kuvunjwa kwa jeshi lililorithiwa kwa Waingereza. Jeshi jipya lilihitaji kikosi cha ndege, na Ujerumani ya Magharibi ikakubali kutoa msaada wa ndege na wakufunzi. Msaada ule haukudumu. Zanzibar ilikwisha kufungua uhusiano na Ujerumani ya Mashariki kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, na suala la uwakilishi wa Wajerumani hao wa pili likawa zito mno baina ya Dar es Salaam na Bonn, hata mapema mwaka 1965 wakufunzi wa anga wakaondolewa. Canada ikaziba pengo mwaka huohuo. Zikaja ndege za uchukuzi aina ya Otter na Caribou, vijana wakapelekwa Canada kusoma, na wakufunzi wa Canada wakabaki nchini hadi mwaka 1970. Baadaye ikaja zamu ya China: kituo cha Ngerengere katika Mkoa wa Morogoro kikajengwa na ndege za kivita za Kichina zikawasili; na katika miaka ya sabini hiyohiyo zikaongezwa MiG-21 kutoka Urusi ya Kisovieti.

Habari hizi za zamani zina faida kwa anayechagua fani leo. Fundi aliyeanza kazi katika mwaka 1965 akadumu jeshini miaka kumi na mitano alikutana na ndege za mabara matatu, zenye vipimo tofauti na vitabu vya lugha tofauti. Kama alichojifunza ni kukariri kwamba parafujo hii huzungushwa mara tatu na ile mara nne, elimu yake ilikwisha siku ndege ile iliyoegeshwa kwa mara ya mwisho. Kama alielewa kwa nini injini huvuta hewa, kwa nini waya hupata moto na kwa nini bati huchoka likapasuka, basi alihama pamoja na elimu yake. Kwa hiyo anayeuliza achague fani gani na aanze na hesabati, fizikia na Kiingereza cha vitabu. Kijana anayeyakimbia masomo hayo Kidato cha Pili hujifungia milango mingi kabla hajajua kuwa ilikuwepo.

Sasa zitazamwe kazi zenyewe. Ndege moja ikiruka kwa saa moja, huwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Asubuhi, kabla ya jambo lolote, mafuta kidogo hutolewa chini ya tangi yakatiwa katika chombo cha kioo yakatazamwa kwa mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini na kuonekana kama tone lililojitenga. Tone hilo likiachwa likafika kwenye injini, ndege huweza kuzimika angani. Kazi ya kutazama kioo kile hufanywa na askari wa cheo cha chini, alfajiri, aghalabu bila ya mtu wa kumtazama. Wala hakuna wa kumpigia makofi akiifanya vyema.

Fundi wa injini na fundi wa umbo la ndege huishi kwa utaratibu wa namna hiyohiyo. Kila spana na kila bisibisi ina mahali pake katika ubao au sanduku la vifaa, pamechorwa umbo lake, ili jioni nafasi tupu ionekane kwa jicho moja. Ikikosekana spana moja, ndege haitoki mpaka ipatikane, hata kama mkubwa anasubiri na hasira zimempanda. Kwani spana iliyosahauliwa ndani ya ndege huweza kukwama katika nyaya zinazogeuza mabawa. Nati hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, wala si kwa nguvu za mkono, na nyingi zikafungwa kwa waya ili zisilegee kwa mtikisiko. Kisha fundi huandika alichokifanya na kutia sahihi. Sahihi ile ndiyo kazi yenyewe. Ikitokea ajali, kitabu hufunguliwa na jina lake likasomwa.

Watu wa pwani wanakijua kitu hiki kwa njia nyingine. Kalafati aliyeziba mashua anajua kuwa ufa asiouona yeye utaonekana na bahari. Na kutu, ambayo wakaazi wa Kunduchi, Unguja na Pemba wanaijua katika mabati ya nyumba zao, ndiyo adui mkubwa wa ndege inayokaa karibu na chumvi. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya mvuvi, akazoea kuosha mota kwa maji baridi kila inaporudi baharini, tayari ana nusu ya tabia inayotakiwa. Yule anayependa kumaliza haraka akaondoke, na aliyezoea kusema “itashika tu”, huyo na atafute kazi nyingine, kwa heri yake na kwa heri ya watakaopanda.

Fundi wa umeme na wa vyombo vya elektroniki, ambavyo wenyewe huviita avioniki, anahitaji subira zaidi na macho yanayotofautisha rangi, kwa kuwa nyaya hutambulikana kwa rangi. Wako vijana, hasa wa kiume, ambao hawaoni tofauti ya nyekundu na kijani wala hawajijui mpaka wapimwe. Kipimo cha macho kifanywe mapema katika hospitali yoyote iliyo na mtaalamu wa macho, kabla ya mtu kuijenga nyumba yake yote ya matumaini juu ya urubani au umeme wa ndege.

Kuhusu rada, mawasiliano na uongozaji wa ndege, somo kubwa limo katika historia ya nchi hii. Uganda ya Idi Amin ilivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, 1978. Katika siku za mwanzo za vita hivyo ndege za Tanzania zilizokuwa zikielekea kaskazini zilipigwa na mizinga ya upande wa Tanzania wenyewe, kwa kudhaniwa kuwa ni za adui. Mwenye mzinga alikuwa jasiri na rubani alikuwa jasiri. Kilichokosekana ni habari baina yao. Hata upande wa pili haukusalimika na makosa ya fani. Machi, 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza, mabomu yakaangukia hifadhi ndogo ya wanyama ya Saanane, yakaua swala. Wasomao habari hiyo hucheka, lakini mlenga shabaha aliyekosea kwa kiasi kile angeweza vilevile kuangukia hospitali.

Fani ya silaha, yaani utunzaji wa risasi, mabomu na roketi, wakaazi wa Wilaya ya Temeke na Ilala hawahitaji kuelezwa uzito wake. Tarehe 29 Aprili, 2009, ghala za silaha za kambi ya Mbagala ziliripuka. Na tarehe 16 Februari, 2011, zikaripuka za Gongo la Mboto. Watu walipoteza maisha, watoto walipoteana na wazee wao usiku, nyumba zilianguka mbali na kambi. Anayechukua fani hii hachukui ulinzi wa ndege tu, bali na wa majirani wasiojua hata jina lake. Ni fani inayowafaa watu wa tahadhari, wanaohesabu mara mbili. Mwenye kupenda kujionyesha asiikaribie.

Ziko na nyingine: zimamoto wa uwanjani, utabibu, hali ya hewa, ugavi na bohari, udereva, ulinzi wa kituo, upishi. Hizi hudharauliwa na vijana, pengine kwa sababu hazina picha nzuri ya kutundika sebuleni. Mtunza bohari anayejua kipuri kipi kimebaki kimoja ana nguvu ya kuizuia ndege isiruke kuliko ofisa mwenye nyota begani. Hata hivyo haifai kudanganyana: mlinzi wa lango na mpishi hutoka jeshini wakiwa na ujuzi mchache wa kuuza nje kuliko fundi, na mzee anayemshauri mwanawe ana haki ya kuliweka jambo hilo mezani.

Urubani umeachwa nyuma kwa makusudi. Nafasi zake ni chache, masharti ya afya ni makali, mafunzo ni marefu, na wako wanaoanza wakaondolewa njiani ilhali ni vijana hodari wasio na kasoro katika jambo jingine lolote. Aghalabu rubani wa jeshi ni ofisa, na njia ya uofisa hupita katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli, Arusha. Mwenye nia na ajaribu. Ila ajaribu akiwa na jibu la swali la mzee wake: usipopatikana, je?

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba ndani ya jeshi mtu hapewi orodha akachagua kama anayechagua kitambaa dukani. Jeshi humpanga askari kwa mahitaji yake, kwa vyeti alivyoleta na kwa uwezo ulioonekana katika mafunzo. Basi uchaguzi wa fani hufanywa kabla, nje ya lango. Aliyepita VETA ya Chang'ombe akasoma umeme au ufundi wa magari, au aliyesoma katika vyuo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni au Vitongoji, au mwenye stashahada ya Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Mbweni, huja na karatasi inayomsemea. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na kutoka Madale si mbali hata kijana ahitaji kupanga chumba. Asiye na kitu mkononi hupangwa palipobaki.

Sasa lije suala lenyewe la kujiunga, na hapa wazee wasikilize zaidi kuliko vijana.

Njia ya kawaida hupita katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa upande wa Zanzibar liko Jeshi la Kujenga Uchumi. Matangazo ya JKT yamekuwa yakisema bayana kwamba anayejitolea haahidiwi ajira. Maneno hayo husomwa na wachache. Aprili, 2021, vijana 854 wa JKT walisitishiwa mikataba yao baada ya kugoma wakidai waajiriwe jeshini. Mwaka uliofuata, kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan, wakarejeshwa. Walikuwa wamefanya kazi ya jasho, na huzuni yao ilieleweka. Lakini kugoma ndani ya jeshi hakufanani na kugoma kiwandani, na mwenye kuingia na alijue hilo siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 ina makosa ambayo raia hana, na mahakama zake ni za kijeshi. Aidha Katiba, katika ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura anabaki nayo. Kijana ambaye ni kada wa chama mtaani kwake, na furaha yake ni jukwaa, apime kama ataweza kunyamaza.

Apime pia kuhama. Atapelekwa Ngerengere, Mwanza au kwingineko bila ya kuulizwa kama mama yake anaumwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Ngerengere, na hilo limewapunguzia mzigo wazee wanaokwenda kutazama watoto wao. Halijapunguza zamu ya usiku wala sikukuu inayopita mtu yuko kazini. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajaoa au hajaolewa. Msichana aliyekwisha kuposwa na mvulana aliyekwisha kutoa mahari wasifichane jambo hili, wala familia mbili zisilifiche.

Na kipo kifo. Tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania zaidi ya kumi wakauawa. Walikuwa wa ardhini, lakini amri ya kwenda haibagui kamandi. Mzee asiyeweza kulitamka neno hilo mbele ya mwanawe bado hajampa shauri.

Kwa upande mwingine, anayependa ndege bila ya kuipenda amri asidhani kuwa mlango umefungwa. Tangu mwaka 2016 Serikali imekuwa ikinunua ndege mpya kwa ajili ya Air Tanzania, na kila ndege hudai mafundi. Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kiko Kigoma. Waongoza ndege wa kiraia hufunzwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bi. Susan Mashibe, Mtanzania aliyesomea Marekani urubani na ufundi wa ndege kwa pamoja, alianzisha Dar es Salaam mwaka 2003 kampuni ya Tanjet ya kuhudumia ndege za watu binafsi; hakuvaa sare ya mtu yeyote. Na aliyetumikia jeshini akitaka kuhamia kiraia ajue kuwa leseni ya kiraia hutolewa na Mamlaka hiyo kwa mitihani yake. Basi atunze kumbukumbu za kazi aliyoifanya na kozi alizosoma tangu mwaka wake wa kwanza.

Lililobaki ni onyo na vyeti.

Jeshi haliuzi nafasi. Kila tangazo linapotoka, hutokea mtu mwenye simu mbili na jina la mkubwa fulani, akawaambia wazee kwamba mambo yatakwisha kwa milioni kadhaa. Katika eneo kama Madale, ambako kiwanja kilichonunuliwa zamani kwa bei ndogo sasa kina thamani kubwa, matapeli wanajua pa kubisha hodi. Mzee anayeuza kiwanja ili mwanawe aingie jeshini hupoteza kiwanja, na mwana hubaki nyumbani na deni la aibu ambalo si lake. Anayeombwa fedha aripoti Polisi, na amweleze Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, au Sheha kwa walioko visiwani, ili na jirani ajihadhari.

Vyeti vitazamwe leo, kabla ya tangazo. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa, la cheti cha Kidato cha Nne na la kitambulisho cha Taifa yawe ni jina moja, herufi kwa herufi. Wako vijana walioandikwa skuli kwa jina la babu na katika kitambulisho kwa jina la ukoo. Wako walioandikwa Saidi upande mmoja na Said upande wa pili. Masahihisho huchukua muda mrefu kuliko siku zinazotolewa na tangazo, na umri wa mwisho unaokubaliwa, ambao hutofautiana kwa kiwango cha elimu, haumngojei mtu. Wakaazi wa Madale waanzie ofisi ya Serikali ya Mtaa. Wa Unguja na Pemba waanzie kwa Sheha, wakiwa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi pamoja na cha Taifa. Vivuli vya vyeti vipigwe na kuthibitishwa, na vyeti halisi vibaki nyumbani mpaka vitakapotakiwa kwa maandishi.